Walinipigia Makofi kwa Kukonda

Kama unasoma haya kwa sababu juzi umeambiwa una kifua kikuu, usitazamie nikupe pole. Pole utapewa na wengi, wengine wakiwa wamesimama mbali na mlango wako huku wameziba pua kwa nguo. Mimi nitakueleza yaliyonipata, na nitayaeleza kwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyonifikisha huku. Wapo wanaosema ugonjwa uliwafundisha upole. Wangu haukunifundisha upole wowote. Ulinila nyama, ukaninyang'anya mtoto, ukanifanya nipepesuke njiani kama mlevi, mimi ambaye sijawahi kuonja pombe. Mpaka leo nikiukumbuka natamani ungekuwa mtu, nimkamate shati.

Naitwa Rajabu. Ni fundi cherehani, Mnubi wa Arua, mjukuu wa askari waliotoka Sudani. Mwaka ule wa sabini na saba nilikuwa na mke, Zamzam, na binti mmoja, Hawa, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea bila kushika ukuta. Nilikuwa pia na baiskeli nyeusi ya chuma, nzito, isiyo na gia, na marafiki walioingiwa na wazimu uleule niliokuwa nao mimi.

Wazimu wenyewe ulianzia kwenye shida. Petroli ilikuwa imeadimika, magari yamelazwa juu ya mawe, na kila mwenye baiskeli akawa mtu wa maana. Wenzetu waliendesha kwa haja zao: kuleta muhogo, kufuata chumvi, kumpeleka mgonjwa. Sisi tukaanza kuendesha bila haja. Kila Jumapili asubuhi tulikutana karibu na soko, tukaenda mpaka Vurra, mpakani, tukarudi. Ikawa fupi. Tukaenda Logiri. Ikawa fupi nayo. Halafu tukagundua mlima unaopanda kutoka upande wa Ajia, barabara ya changarawe iliyochimbwa na mvua mpaka ikatoa mbavu, tukaupa jina la Mama Mkwe kwa sababu haukutaka kutuona. Ukiumaliza bila kushuka kwenye baiskeli, wewe mwanamume. Ukishuka ukasukuma, utataniwa mpaka Jumapili nyingine.

Kiongozi wetu alikuwa Khemisi, karani wa stoo moja ya kununulia tumbaku. Ndiye aliyetuletea ile desturi ya mizani. Hoja yake ilikuwa kwamba baiskeli zetu ni chuma, hazipungui uzito, basi apunguzwe anayeendesha. Stooni kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ndoano kubwa kwenye boriti, na chini yake marobota ya tumbaku hufungwa kamba na kuinuliwa. Kabla ya kila safari ndefu Khemisi alitupitisha kamba ya gunia chini ya makwapa na kutuning'iniza mmoja mmoja, wanaume wazima, miguu inapunga hewani. Aliyepungua kuliko wote tangu mara ya mwisho ndiye aliyepewa kuongoza mlima.

Mwezi baada ya mwezi niliongoza mimi.

"Rajabu, wewe nakula nini?" Khemisi aliniuliza, uso umekaribia namba. "Kilo ingine imekwenda! Sasa wewe iko ndege."

"Nakula kama nyinyi."

"Uongo," alisema Pascali, Mkongo aliyeuza samaki wakavu sokoni, mtu mnene ambaye mizani haikuwahi kumpendelea. "Hii mutu iko na dawa. Aseme dawa."

Wakacheka, wakanipigia makofi. Nami nikiwa nimening'inia pale nikacheka pamoja nao, nikawapungia mkono kama bwana harusi. Ukitaka kujua hasira yangu inatoka wapi, anzia hapo. Wanaume wazima, wenye macho, walikuwa wanampongeza mwenzao kwa kuoza, na mwenzao anasema asanteni.

Utaniuliza, na kikohozi je? Sote tulikohoa. Barabara zetu ni nyekundu, na ukimfuata mwenzako kwenye kiangazi unakula vumbi lake kuanzia mjini mpaka unakokwenda. Tukifika juu tulitema, na mate ya kila mtu yalikuwa mekundu. Na jasho la usiku? Khemisi alisema ni mafuta yanatoka, mwili unajisafisha. Na homa ya jioni? Uchovu wa mlima. Ugonjwa ulikuwa umenivaa mwili mzima, na kwa kila dalili yake sisi tulikuwa na jibu la baiskeli.

Zamzam peke yake hakudanganyika. Suruali zangu nilizipunguza mwenyewe kwenye cherehani yangu, tena kwa majivuno, na siku moja akasimama nyuma yangu na Hawa mgongoni.

"Baba Hawa, hii suruali napunguza mara ngapi?"

"Mpaka nimshinde Khemisi."

"Mutu nakonda hivi iko mgonjwa. Kwenda hospitali."

"Wewe hapana jua mambo ya baiskeli."

"Mimi najua mambo ya bwana yangu," alisema, akaondoka. Hakurudia tena, na kunyamaza kwake kukaniudhi kuliko maneno.

Mvua za kwanza zilipoanza, Khemisi akatangaza safari kubwa: Arua mpaka Koboko na kurudi siku hiyohiyo. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa kupenda. Mimi nilifurahi maradufu, kwa sababu wazazi wa Zamzam wanakaa Koboko, na nilitaka mama mkwe wangu, yule wa kweli, Hajati, anione nikiingia uani kwake mbele ya kundi zima. Hajati alikuwa hajanikubali sana. Kwake fundi cherehani ni mwanamume aliyekosa kazi ya maana.

Njiani tulisimamishwa na askari kwenye kizuizi. Alituzunguka na bunduki yake, akatazama miguu yetu iliyotapakaa matope.

"Nyinyi nakwenda wapi?"

"Koboko, afande," alisema Khemisi.

"Kufanya nini?"

"Kufika tu, afande. Halafu tunarudi."

Askari akafikiri. "Iko mzigo gani?"

"Hapana mzigo."

"Mutu hana mzigo, hana kazi, nakwenda Koboko, narudi." Alitutazama kama anayetafuta pa kupiga. "Nyinyi iko wajinga au iko majasusi?"

"Wajinga, afande!" Pascali alipayuka, na askari akacheka mpaka akaifungua njia mwenyewe. Nami pia nilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichofungua kikohozi. Nilikohoa mlima mzima uliofuata. Niliumaliza bila kushuka, lakini nilipofika uani kwa Hajati sikuweza hata kutoa salamu. Nilishika mti wa uzio, nikakohoa, nikatema kwenye majani.

Mate yalikuwa mekundu.

Hapo ndipo nilipoelewa, na sitasahau jinsi nilivyoelewa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Barabara ilikuwa tope. Tangu Arua siku hiyo hatukuwa tumeona vumbi hata la kutia jichoni.

Sote tuliyatazama yale majani. Khemisi alishika usukani wa baiskeli yake akairudisha nyuma, taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua. Hajati alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kutukaribisha. Hakulileta. Alirudi ndani nalo.

Waliondoka kabla ya chai. Khemisi alisema mvua itawakuta njiani. Pascali peke yake alibaki, akakaa nami kando ya barabara mpaka tukapata lori lililobeba mtama, tukapakia baiskeli zetu mbili na kurudi Arua tumelala juu ya magunia. Alikaa karibu nami, bega kwa bega. Nilimwambia asogee. Akaniambia ninyamaze, magunia yamejaa, atasogea wapi.

Hospitali ya misheni ilikuwa kusini ya mji. Nilijua barabara yake vizuri kwa sababu tuliwahi kushindana juu yake. Safari hii nilipelekwa nimekaa kwenye kiti cha nyuma cha Pascali, miguu inaning'inia kama ya mke wa mtu anayepelekwa sokoni.

Nitakwambia kuhusu benchi. Wakohozi tulikuwa na benchi letu mwisho wa baraza, upande ambao upepo unatoka kwa wengine kuja kwetu. Kila mmoja anapewa kopo lenye mfuniko la kutemea, na kopo hilo linakuwa ndugu yako. Unakaa. Jua linahama kutoka miguuni mpaka magotini. Mama mmoja anapita na mtoto, akifika mbele ya benchi letu anamfunika mtoto uso na kupiga hatua ndefu. Mara ya kwanza unatazama chini. Baadaye unaanza kuwatazama machoni, mmoja mmoja, mpaka wao ndio watazame chini. Mimi nilifanya hivyo, na kusema kweli ilinisaidia.

Nesi wa wodi yetu alikuwa Mlugbara, Candiru, mwanamke mrefu asiyebembeleza mtu. Nilipokunja uso kwa sindano ya kwanza alinipiga pajani.

"Wewe nalia nini? Sindano iko kidogo kuliko mdomo yako."

"Itakuwa siku ngapi?"

"Kila siku, mpaka mimi nachoka. Halafu vidonge, mpaka wewe nachoka. Ukiacha katikati, unakufa. Hapana ngumu."

Katika karibu miaka miwili ya matibabu hakuna aliyenieleza vizuri kuliko hivyo. Hilo uliweke moyoni, na wala usiende kutafuta maelezo marefu.

Nilipokuwa bado wodini Hajati alishuka kutoka Koboko. Nililetewa habari kwamba amefika nyumbani, nikatoroka kwa saa chache, nikafika nimeshika ukuta. Nilimkuta anafunga nguo za Hawa kwenye shuka. Zamzam alikuwa amekaa kitandani, macho yamevimba.

"Mama, mtoto ni wangu," nilisema.

"Simama hapohapo," alisema Hajati bila kugeuka. "Mtoto iko yako. Kifua pia iko yako. Baki na moja."

"Huwezi kumchukua hivi hivi."

"Mimi nimezika watoto wawili ya dada yangu na hii kikohozi." Sasa aligeuka. "Siku daktari anasema umepona, wewe kuja Koboko mwenyewe, na nguvu yako mwenyewe, mimi naona. Kabla ya hapo, ukikuja, nafunga mlango."

Nilimtazama Zamzam nikitaka akatae. Hakukataa. Alimbeba Hawa, akapita mbali nami, na mlangoni akasimama.

"Meza dawa," alisema. "Ukimaliza, kuja. Mimi hapana olewa."

Hawa alinipungia mkono kwa furaha, akidhani wanakwenda sokoni. Nilimchukia Hajati siku ile kwa chuki safi isiyo na doa. Na lililonichoma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi, nami nilijua. Tangu saa ile nilikuwa na jambo moja tu duniani: kupona na kumfuata binti yangu kabla hajanisahau.

Sindano ziliua ugonjwa, lakini nazo zilitaka chao. Kwanza masikio yakaanza kulia, mlio wa nzige usiokoma. Kisha ardhi ikalegea. Nilikuwa nikisimama, dunia inachelewa kusimama nami. Nikitembea, kuta zinanijia. Candiru alipunguza sindano, akasema itapungua yenyewe, akanipa fimbo. Niliporuhusiwa kulala nyumbani na kufuata dawa kutoka huko, nilipita barabarani nikiyumba na fimbo yangu, na wauza nyanya wakasema, "Rajabu siku hizi anakunywa waragi." Niliwatukana. Mlevi pia angetukana, kwa hiyo sikufaidi kitu.

Msikitini ilikuwa mbaya zaidi. Nikiinuka kutoka kusujudu nilimwangukia jirani yangu wa kulia. Ijumaa ya pili watu waliacha nafasi pande zote mbili. Ijumaa ya tatu mzee mmoja muuza kahawa, ambaye hatukuwa tumezoeana hata kidogo, alikuja akasimama katika ile nafasi, na kila tulipoinuka alinishika kiwiko, bila kunitazama, bila kukatiza dua yake. Aliendelea hivyo mpaka nilipoweza kusimama mwenyewe. Sikuwahi kumshukuru kwa maneno. Namshukuru hapa.

Wateja waliacha kuleta vitambaa, kwa sababu nani anataka nguo iliyopita karibu na mdomo wangu. Na kila Jumapili asubuhi kundi lilipita mbele ya nyumba. Nilisikia kengele zao kutoka mbali, na nilisikia pia jinsi walivyokanyaga kwa nguvu zaidi walipofika usawa wa mlango wangu. Siku moja Khemisi alisimama, barabarani, mguu mmoja chini.

"Rajabu! Hujambo?"

"Karibu ndani."

"Nina haraka." Alijikuna shingo. "Tunafikiri, hii baiskeli yako nalala tu. Spea hakuna siku hizi. Toa magurudumu kwa kundi, ukipona tunakurudishia."

Nilimtukana kwa Kinubi, nikamtukana kwa Kiswahili, na Kinubi na Kiswahili vilipokwisha nikamtukana kwa maneno machache ya Kilingala niliyofundishwa na Pascali. Kisha nikaiingiza baiskeli ndani, nikaiegemeza kitandani upande aliokuwa analala Zamzam, na tangu siku hiyo ikalala hapo.

Usidhani nililia kwa sababu ya kundi. Nililia kwa sababu ya mizani. Candiru alikuwa na ya kwake, ya kusimama, na kila mwezi alinipandisha juu yake. Namba ilipopanda alifurahi, na mimi, utaniona mpumbavu, nilisikia aibu. Miguu iliyokuwa kamba tupu ilikuwa inarudiwa na nyama laini ya mtu wa kukaa. Mashavu yalijaa. Nilikuwa napona na najiona naharibika. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba ule mwili niliokuwa najivunia ndio uliokuwa unakufa, na huu ninaouonea haya ndio unaoishi. Pascali alisaidia. Kila wiki aliniletea samaki wakavu, akaniangalia nikila mpaka mwisho.

"Kula. Kushinda mutu ya mifupa hapana sifa," alisema. "Nenepa, tushindane sawasawa."

Dawa zilipoadimika, na ziliadimika mara mbili, yeye ndiye aliyevuka mpaka akazitafuta upande wa Kongo na kurudi nazo ndani ya gunia la samaki. Zilinuka mpaka nikatapika, nikazimeza upya.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo nililochukulia kalamu. Itafika siku utajisikia mzima. Kwangu ilifika kiangazi, majani yanachomwa milimani na moshi umetanda mji mzima, na hata kwa moshi ule sikukohoa. Nilikuwa na miezi mingi ya vidonge mbele yangu. Jirani yangu wa kitanda cha wodini, mkulima wa Ajia, mcheshi, aliyetufanya tucheke mpaka Candiru akaja kutukemea, naye alijisikia mzima wakati uleule. Msimu wa kupanda tumbaku ukafika, akasema anakwenda kupanda halafu atarudi. Alirudi kweli. Alirudi mvua zilipopungua, amefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya ndugu yake kama robota, na hakumaliza wiki.

Nami kiangazi kilekile, kabla yeye hajarudi, nilikuwa mbioni kufanya vilevile. Karibu na Idi dereva wa lori alinipa salamu za Zamzam: Hawa anasema maneno sasa, anaimba, anauliza mambo. Sikungoja asubuhi ya pili. Nilivaa, nikaitoa baiskeli, nikaacha vidonge juu ya cherehani. Nitafika Koboko, nitasimama uani, waone kifua kilivyonyamaza. Nilipanda baiskeli, nikakanyaga mara moja, uwanja ukageuka, nikaanguka kwenye majivu ya jiko la jirani.

Nikainuka, nikapanda tena, nikaanguka tena upande uleule. Mimi niliyeupanda Mama Mkwe bila kushuka sikuweza kuuvuka uwanja wangu mwenyewe. Nilikaa chini nikaipiga baiskeli ngumi mpaka mkono ukachubuka. Halafu nikaingia ndani, nikavimeza vile vidonge kwa maji ya moto kwa sababu baridi hayakuwapo, nikaunguza ulimi. Sitasema ni busara iliyoniokoa. Ni kushindwa kukaa juu ya magurudumu mawili.

Tangu hapo nilijifunza upya kuendesha baiskeli. Pascali alinishika kiti kwenye uwanja wa mpira, mtu mzima anakimbia nyuma ya mtu mzima, watoto wa shule wamejipanga wanashangilia kila nikianguka. Kwanza nilikwenda kwa kutazama goli, bila kupepesa. Nikitazama pembeni, chini. Baadaye nikaweza kutazama pembeni. Kugeuza shingo nyuma siwezi mpaka leo.

Mvua zikaja, zikaisha, majani yakachomwa tena. Mwanzoni mwa sabini na tisa daktari aliniweka mbele ya dirisha, akasikiliza mgongo wangu kwa muda mrefu, akaniambia basi. Candiru aliniondolea kopo, akalishika kwa vidole viwili.

"Kwenda. Nisikuone tena hapa," alisema, na hilo ndilo neno tamu kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Redio wakati ule zilikuwa zimejaa vita vya kusini, na mjini watu walianza kuulizana kwa sauti ndogo nani ana ndugu Sudani na nani Kongo. Sikuweza kungoja nione dunia itaelekea wapi. Nilijishonea suruali mpya, ya kiuno kipana, nikapanda baiskeli alfajiri, peke yangu. Kwenye tambarare niliendesha. Kila mlima nilishuka nikasukuma. Kila mmoja, hata vile vilima ambavyo zamani hatukuvipa jina. Mapafu yangu yalikuwa yanafika katikati ya pumzi na kugoma. Vijana wa maziwa walinipita wakaniita mzee. Niliwajibu vibaya, nikaendelea kusukuma, nikaingia Koboko jua limeanza kuinama.

Hajati alikuwa anapepeta simsim. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Umefika."

"Nimefika, Mama."

"Daktari anasema nini?"

"Anasema nimepona."

"Na lori gani imekuleta?"

"Hakuna lori."

Alitazama matairi, akatazama jasho langu. "Kaa pale," alisema, akaonyesha kigoda kando ya uzio, mbali na mlango. Akarudia simsim yake.

Zamzam alitoka ndani. Mbele ya mama yake hakunikumbatia, lakini alikuja akanishika mkono juu ya kiwiko, akauminya kama mtu anayechagua nyama, akacheka na machozi yakimtoka. Nyuma ya nguo yake kulikuwa na mtoto mrefu, mwenye meno, ambaye singemtambua kama ningemkuta sokoni.

"Hawa, huyu nani?"

"Hapana jua."

"Huyu iko baba yako."

Hawa alinitazama sana, akatikisa kichwa. "Hapana. Baba nafanya hivi."

Akatuonyesha. Alikuja katikati ya uwanja, akainama kama kikongwe, akaweka mkono kifuani, akakohoa. Alikohoa vizuri, kikohozi changu chenyewe, kirefu, chenye mkwaruzo mwishoni. Akatema. Akayumba hatua mbili, akaanguka chali, akafumba macho. Watoto wa jirani waliokuwa wanachungulia uzioni walikuwa wanaujua mchezo huo, kwa sababu msichana mmoja alikimbia moja kwa moja na jani la mgomba, akamfunika kuanzia miguuni mpaka usoni. Wakasimama kuzunguka jani, wameshika mikono yao mbele, kimya, kama wakubwa.

Ungo wa Hajati ulikuwa umesimama. Zamzam alikuwa ameziba uso. Mimi nilisikia hasira ikipanda mpaka machoni, nikamtafuta wa kumpigia kelele, na hakuwapo. Hakuna aliyemfundisha. Watoto huokota yanayodondoka kwenye midomo ya wakubwa, basi.

"Halafu baba anafanya nini?" niliuliza. Sauti ilitoka vibaya.

Jani likasogea, jicho moja likatokea. "Basi. Nalala."

"Haamki?"

"Baba hapana amka," alisema Hawa, akalirudisha jani.

Niliinuka kwenye kigoda, nikaenda pale katikati.

"Rajabu!" Hajati alisema kwa ukali.

Sikugeuka, na hata ningetaka, shingo isingekubali. Nilikohoa kikohozi cha uongo, nikatema hewa, nikayumba, na kuyumba huko hakukuwa kwa uongo sana, nikalala mavumbini kando ya binti yangu na suruali yangu mpya. Nikafumba macho. Nilisikia watoto wakinong'onezana. Nikasikia miguu midogo, kisha jani la baridi likaniangukia usoni, likinuka utomvu.

Nikaliachia kidogo. Halafu nikaamka.

Watoto walipiga yowe wakatawanyika mpaka uzioni. Hawa alikimbilia nguo ya mama yake, akajificha, akachungulia. Akarudi hatua moja. Akarudi nyingine, jani liko mkononi.

"Tena," alisema.

Nikalala tena, nikaamka tena. Akataka tena. Sijui tulirudia mara ngapi. Kila nilipoinuka uwanja mzima ulizunguka, nyumba, uzio, simsim, na kifua kilinipanda na kushuka kama mtu anayesukuma baiskeli mlimani, na kila mara alikuja karibu zaidi kuniangalia macho yanavyofunguka, mpaka mwisho akawa amepiga magoti kando ya kichwa changu.

"Hawa," alisema Hajati. Alikuwa ameweka ungo chini na kusimama mlangoni, bakuli la maji mikononi. "Wacha baba yako anawe, akule. Amechoka."

"Moja tu, Bibi."

Bibi hakukataa. Nikalala chini, akanifunika, nikaamka.